Uzi wa Rangi ya Chungwa

Mzee aliingia dukani saa nne asubuhi, mwaka 2011, amekumbatia mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba mayai. Mzungu, kofia mkononi, soksi zimepandishwa hadi karibu na magoti. Kwenye mtaa wetu, katikati ya Johannesburg, si mbali na stesheni ya Park, mzungu wa umri ule kwa kawaida huwa amepotea njia, nami nilikwisha jiandaa kumwelekeza. Kumbe hakupotea. Aliweka mfuko juu ya meza ya kukatia, akauliza kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kiafrikana kama ni sisi tulioshona bendera za Kombe la Dunia mwaka uliopita. Nikamwambia ni sisi. Akaufungua mfuko.

Chungwa, nyeupe, buluu. Bendera ya makaburu.

Nyuma yangu cherehani ya Mama, fundi niliyekuwa chini yake, ikanyamaza katikati ya mshono.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, pale Mazimbu palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, imepewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Wanafunzi wake tulikuwa tukipishana nao mjini. Siku moja baba alinichukua kwenye sherehe yao. Wakasimama, wakaanza kuimba, nami nikamvuta baba shati: mbona hawa wanaimba wimbo wetu wa taifa halafu wanakosea maneno? Baba akacheka mpaka watu wakageuka. Akaniambia wimbo ni wao, sisi ndio tulioazima. Ulitungwa mwaka 1897 na mwalimu aitwaye Enoch Sontonga, huko huko Johannesburg, ukawa wimbo wa ANC, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikachukua muziki ule ikautia maneno ya Kiswahili. Sikumwamini. Kwa akili yangu ya darasa la pili, wimbo ulikuwa wetu na wale wageni walikuwa hawajaujua vizuri.

Kwa hiyo nilipofika Johannesburg mwaka 2003 kutafuta maisha, tayari nilikuwa na upande. Kaburu nilimchukia tangu masomo ya siasa shuleni, kabla sijamwona hata mmoja. Nilipata kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la ushonaji, nikawekwa chini ya Mama. Simtaji jina, maana yu hai na hapendi kusemwa. Alizaliwa mwaka 1953, Msotho kwa baba, Mzulu kwa mama, na alishona kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Mimi aliniita mfana wami, mwanangu, hata nilipotimiza miaka 40.

Mama ndiye aliyenifundisha majina ya mwili kwa Kizulu, kwa sababu fundi akichukua vipimo lazima aseme na mteja. Bega, kiuno, nyonga. Mkono wa shati unapimwa kutoka begani, unapita kwenye kiwiko, unashuka hadi kwenye kifundo. Kiwiko ni indololwane. Alinisahihisha neno hilo kama mara 20, maana nilikuwa nalitamka kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Mei 2008 ghasia za kuwapiga wageni zilianzia Alexandra zikasambaa mjini. Vijana walikuwa wakisimamisha watu njiani, wanakuonyesha kiwiko, wanakuuliza: hiki kinaitwaje? Ukishindwa, wewe ni kwerekwere, neno la kumdharau mgeni. Mimi walinisimamisha saa moja jioni, watu wanne, mmoja ameshika bomba la chuma. Akapinda mkono wake mbele ya uso wangu. Nikasema indololwane, kwa lafudhi ya Mama kabisa, nikaongeza na kipimo: unataka mkono mrefu au mfupi? Sijui neno hilo la pili lilitoka wapi. Mmoja akacheka, wakaniachia. Katika wiki zile waliuawa watu zaidi ya 60, na baadhi yao walikuwa raia halali wa nchi hiyohiyo. Aliyekuwa na bomba alivaa kofia ya sufu yenye rangi za bendera mpya. Nilizihesabu nikiwa nasubiri, kama mtu anavyohesabu mbao za dari akiwa kwa daktari wa meno. Rangi sita.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nazishona rangi hizohizo kwa mamia.

Nizungumze kidogo kama fundi. Bendera ya mistari mitatu hata mwanagenzi wa wiki mbili anaimaliza. Ile ya sasa ya Afrika Kusini si hivyo. Nyekundu juu, buluu chini, katikati herufi Y ya kijani imelala, mikono yake miwili ikielekea mlingotini. Pembeni mwa kijani kuna ukanda mweupe unaoitenga na nyekundu na buluu, na upande wa mlingoti kuna ukanda wa dhahabu unaoitenga na pembetatu nyeusi. Mahali ile mikono miwili ya kijani inapokutana ndipo kazi ilipo. Ukipoteza nusu sentimita hapo, dhahabu inapinda, pembetatu inatazama kando, na bendera nzima inaonekana imelewa. Mwaka 2010 tulishona kubwa, ndogo, na zile soksi za kuvalisha vioo vya pembeni vya magari, ambazo vijana waliziuza kwenye taa za barabarani. Mwenye duka alikuwa akipita na kikotoo mkononi, amejaa furaha.

Serikali yenyewe haijazipa rangi hizo maana rasmi. Watu wanajionea: nyeusi, kijani na dhahabu ni za ANC, nyekundu, nyeupe na buluu ni za Waingereza na za jamhuri za zamani za makaburu. Iliundwa kwa haraka. Mwaka 1993 wananchi walialikwa kuleta michoro, ikaja zaidi ya 7,000, ukakosekana hata mmoja wa kukubalika. Iliyokubaliwa mwishowe ilitokana na mchoro wa Frederick Brownell, mtaalamu wa nembo wa serikali, aliouanza akiwa kwenye mkutano Zurich. Ikaidhinishwa Machi 15, 1994, ikapandishwa Aprili 27, siku ya uchaguzi. Ilikuwa bendera ya muda tu. Husimuliwa kwamba Mandela alitumiwa mchoro kwa faksi, na kwa kuwa faksi haina rangi, ikabidi mtu akanunue penseli za rangi aupake kwanza. Kama ni kweli, basi kuna mtu nchini ile aliyepaka bendera ya taifa kama mtoto wa chekechea, na ikakubalika. Ikaja kudumu, na watu waliizoea haraka kuliko walivyouzoea wimbo.

Wimbo ni habari nyingine.

Mteja wetu mmoja alinipa tiketi ya raga, Ellis Park. Raga siielewi mpaka leo, lakini mimi ni mwanakwaya, nilikwenda kwa ajili ya wimbo. Ule wa sasa ni nyimbo mbili zilizounganishwa mwaka 1997: Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani ule wa Sontonga, na Die Stem, wimbo wa taifa wa enzi ya ubaguzi, ambao maneno yake aliyaandika C. J. Langenhoven mwaka 1918. Unaanza kwa Kixhosa, unaingia Kizulu, kisha Kisotho, halafu Kiafrikana, unaishia kwa Kiingereza. Hata ufunguo wa muziki unabadilika njiani. Unaanzia pengine na kuishia kwingine, jambo ambalo mwalimu wetu wa kwaya angetuchapa kwalo.

Tulisimama. Mimi niliimba mwanzo kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwa sababu mwili wangu haujui maneno mengine kwa muziki ule. Nikaanza kutazama vinywa. Mstari wangu mzima ulikuwa wazungu, wa makamo wengi. Kwenye Kixhosa na Kizulu midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, ingawa vijana wao wawili waliimba kila neno, macho wamefumba. Kikafika Kiafrikana, na uwanja ukaunguruma kana kwamba kuna mtu alikuwa ameufunga bomba na sasa amelifungulia. Mbele yangu, ukingoni mwa uwanja, alisimama mlinzi mweusi aliyeimba vizuri tangu mwanzo. Sauti nene, ya kanisani. Pale kwenye Kiafrikana alifunga mdomo. Mistari minne yote kaufunga, mikono nyuma, uso hauonyeshi kitu. Kiingereza kilipoanza, akaufungua tena.

Jirani yangu wa kiti, mtu mcheshi aliyekuwa akinieleza kila filimbi, aliona ninavyomtazama yule mlinzi. Akaniambia hapo hapo, Agosti 1992, Afrika Kusini ilicheza na New Zealand baada ya miaka ya kutengwa. Ilikuwa imekubaliwa Die Stem isiimbwe, badala yake watu wanyamaze kuwakumbuka waliouawa kwenye kitongoji cha weusi cha Boipatong miezi miwili kabla. Watu hawakunyamaza. Waliuimba Die Stem juu ya ukimya wa wafu wa wenzao, na wimbo wenyewe ukapigwa kwenye vipaza sauti. "Mimi nilikuwapo," akasema. "Niliimba. Nilikuwa na miaka 22." Kisha mpira ukapigwa, akarudi kunieleza sheria.

Niliporudi kazini nilimsimulia Mama. Nikamuuliza yeye hufanyaje kikifika kipande kile.

"Nasimama."

"Unaimba?"

"Nimekwambia nasimama. Kuimba ni jambo lingine."

Mwenye duka akaingilia kutoka kaunta kwamba babu yake alizungumza Kigujarati, kwa hiyo yeye anasubiri beti ya sita. Utani, lakini una ukweli: lugha rasmi za nchi ile wakati huo zilikuwa 11 na wimbo una tano. Mvenda na Mtsonga nao wanasimama tu wakisubiri zamu isiyofika. Na chama cha EFF kimekuwa kikidai kipande cha Die Stem kiondolewe kabisa. Mama hakuwa upande wao, ingawa nilidhani angekuwa. Alisema waliounganisha ule wimbo walikata mstari wa mikokoteni ya ng'ombe, ile mikokoteni ya makaburu waliyokwenda nayo kuchukua nchi, wakabakiza mbingu, bahari na milima. "Milima iko palepale," akasema. "Sina ugomvi na milima."

Basi turudi kwenye meza ya kukatia, na ule mfuko.

Mzee alinieleza taratibu. Mwanawe wa kwanza alikuwa mwanajeshi wa lazima, kama vijana wote wa kizungu wa wakati ule. Aliuawa Angola mwaka 1987, akiwa na miaka 19. Jeneza lilikuja limefunikwa bendera hii, mama yake akaihifadhi kwenye droo. Sasa mama wa kijana amefariki, droo imefunguliwa, na nondo walikwisha ingia. Hataki kuipandisha popote, alisema. Anataka tu isiendelee kuchanika.

Nilihesabu kichwani. Mwaka 1987 mimi nilikuwa nawaona wanafunzi wa Mazimbu sokoni Morogoro, wamekimbia nchi kwa sababu ya jeshi la mtoto huyu. Angola tulikuwa tukiimba habari zake mchakamchaka. Kama ningemjibu kwa moyo wa darasa la siasa, ningeusukuma mfuko ule uanguke chini. Lakini mzee alikuwa ameweka kidole chake kwenye tundu moja kwenye ule ukanda wa chungwa, hakitoi, kama mtu anayeziba damu.

Nikageuka kumtazama Mama. Yeye hakunitazama mimi, aliitazama bendera.

"Si kwenye meza hii," akasema kwa Kizulu.

Mzee alielewa, nadhani Kizulu alikijua. Nikamwambia, Oom, yaani mjomba kwa Kiafrikana, njoo Jumatatu. Akatoka bila kuuliza bei.

Mama hakupiga kelele. Alinisimulia huku akishona, bila kuinua kichwa. Alipokuwa msichana alikuwa akimsindikiza mama yake ofisi ya pasi, kupanga foleni tangu alfajiri. Nje pana mlingoti wa chuma na bendera hiyo. Asubuhi ya upepo, kamba ilikuwa ikigonga mlingoti, ngo, ngo, ngo, muda wote wa foleni, na mama yake amesimama miguu imevimba, anasubiri kuambiwa kama ana ruhusa ya kulala mji aliozaliwa. "Mpaka leo nikisikia kamba inagonga chuma," akasema, "miguu inaniuma mimi." Akakata uzi kwa meno, jambo ambalo alitukataza sisi wote.

Niliipeleka bendera nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba Yeoville, na nilifunga pazia kabla ya kuitoa mfukoni, maana jirani akiona kitu kile kitandani kwa Mtanzania, nitaanza kueleza wapi? Nikaishona usiku mbili, kwa mkono.

Ilinichukua muda pia kupata uzi. Chungwa lile limefifia, halipo kwenye maduka ya mtaani. Nikalipata Oriental Plaza, Fordsburg. Muuzaji aliweka nyuzi tatu kando ya kipande changu akachagua bila kuuliza ni cha nini. Jengo lile lilijengwa miaka ya 1970 kuwahamishia wafanyabiashara wa Kihindi waliofukuzwa Pageview kwa kuwa mtaa ulitangazwa wa wazungu. Baba wa mwenye duka wetu ni mmoja wao. Na mimi nikaenda kununua uzi wa bendera hiyo humo humo. Sikumwambia bosi.

Ukiiangalia kwa karibu, umbali wa sindano, bendera ile ni kitu cha ajabu. Katikati ya ukanda mweupe kuna bendera tatu ndogo: ya Uingereza, ya Orange Free State na ya Transvaal. Na ile ya Orange Free State ina bendera ya Uholanzi kwenye kona yake. Kwa hiyo ni bendera ndani ya bendera ndani ya bendera. Nikiwa na sindano mkononi nilijiuliza nani alikuwa na kichaa cha kuwapa mafundi kazi hii. Baadaye nikasoma: ilipandishwa mara ya kwanza Mei 31, 1928, baada ya ugomvi mkubwa wa miaka miwili. Wazungu wa asili ya Kiingereza walitaka bendera ya Uingereza ibaki, makaburu hawakutaka hata kuiona. Vile vibendera vitatu ndivyo vilivyokuwa suluhu. Hii nayo, kumbe, ilikuwa bendera ya umoja. Ilishonwa na watu waliojadiliana, wakavumiliana, wakapunguziana, na walipomaliza wakapeana mikono. Mama wa Mama yangu hakuulizwa. Hata kibendera cha ukubwa wa kucha hakupewa.

Usiku ule nilimkumbuka yule kijana mwenye bomba, na kofia yake ya rangi sita.

Jumatatu mzee alirudi. Mama alipomwona mlangoni aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka nje bila salamu. Mzee akampisha, akainamisha kichwa kidogo. Nikaifungua bendera nimwonyeshe viraka. Akapitisha kidole juu ya lile tundu, akakosa pa kukiingiza. Akalipa. Tukaikunja pamoja, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili, kama watu wanaokunja shuka. Sikumpa pole kwa kifo cha mwanawe, na mpaka leo sijui kama nilipaswa.

Mama alirudi baada ya nusu saa, ana chipsi.

"Amelipa?"

"Amelipa."

"Kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Ungemtoza mara mbili," akasema, akanisogezea chipsi.

Uzi uliobaki ulikaa kwenye rafu. Tuliutumia kwenye vizibao vya wafanyakazi wa barabarani, ambavyo vina chungwa karibu na lile, ukaisha.

Agosti 2019 Mama alikuwa amepunguza kazi, anakuja Jumatano tu. Ilikuwa Jumatano redio ilipotangaza kwamba Mahakama ya Usawa imeamua kuonyesha bendera ya zamani bila sababu ya kitaaluma, kisanii au ya habari ni kauli ya chuki. Kesi ilifunguliwa na Taasisi ya Nelson Mandela, baada ya bendera hiyo kuonekana kwenye maandamano ya mwaka 2017 ya kupinga mauaji ya wakulima. Mwenye duka akapiga makofi. Mimi nikamwangalia Mama.

Aliendelea kupima kola. Hatukuwa tumemtaja yule mzee kwa miaka minane.

"Yule Oom wako," akasema, "ulimkunjia vizuri?"

"Tulikunja pamoja."

"Ndani nje?"

"Rangi zote ndani."

"Haya," akasema, akaniomba mkasi.